Sauti ya Mstari wa Kijani

Jina la Zumari alipewa na wanakwaya wenzake akiwa bado msichana, kwa sababu sauti yake ilikuwa nyembamba, kali na tamu, ikipanda juu ya sauti za wengine bila kusukumwa. Aliolewa nalo, akazaa nalo, na hata wateja waliomletea nguo za kushona hawakumjua kwa jina jingine. Mumewe alikuwa fundi wa sauti, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote, wa viatu, wa mabomba na wa saa, walikuwa wanajaribu tu.

Vyumba vyao vya kazi vilitenganishwa na ukuta mmoja. Upande huu ilikuwapo cherehani ya Zumari, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa. Upande ule ilikuwa studio: kompyuta, spika mbili nyeusi, maiki kwenye mguu wake wa chuma, na kibanda cha kuimbia ambacho zamani kilikuwa kabati la ukutani. Ili sauti isigonge ukuta na kurudi, Fundi alipanga kwenye kuta zote magunia yaliyojazwa mabaki ya vitambaa vya mkewe. Zumari alipenda kuwaambia wageni kwamba bila mabaki yake studio ile ingekuwa pipa tupu, na Fundi hakuwahi kubisha.

Watoto wao pacha walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mchana nyumba ilikuwa ya watu wawili na kelele mbili: cherehani huku, nyimbo kule. Fundi alikuwa na kawaida ya kumwita mkewe kila alipomaliza kazi. "Mama Pacha, njoo usikie!" Naye angeacha sindano ikiwa imezama kwenye kitambaa, aende, asimame nyuma ya kiti cha mumewe, mikono juu ya mabega yake, wasikilize pamoja kwenye spika. Mara nyingi walisikiliza sauti yake yeye. Kila wimbo wa kwaya uliokuwa na sehemu ya mtu mmoja, mtu huyo alikuwa Zumari.

Mwaka ule kwaya ikapata mgeni. Alikuwa muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya karibu, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuomba radhi kabla ya kukaa. Alikuja mazoezini bado amevaa viatu vyeupe vya kazini. Mwalimu wa kwaya alimwomba aimbe kidogo tu, apate kujua amweke upande gani. Muuguzi akaomba radhi, akaimba, na wanaume wa safu ya nyuma, ambao hawakuwahi kunyamaza tangu kwaya ianzishwe, wakanyamaza. Zumari alimkagua kuanzia viatu hadi nywele akitafuta kasoro, akaambulia uzi mmoja uliochomoka kwenye pindo la sketi.

Wiki chache baadaye Mwalimu aligawa sehemu za wimbo mpya ambao ulikuwa urekodiwe.

"Mama, ubeti wa kwanza wako kama kawaida," alimwambia Zumari, huku akijivuta sikio, jambo alilolifanya kila alipokuwa na habari ngumu. "Wa pili tumpe mgeni wetu. Kibwagizo mtapokezana."

"Kwani huo wa pili nikiimba mimi una tatizo gani?"

"Hauna tatizo. Ila una noti za juu sana."

"Mimi na noti za juu tuligombana lini, Mwalimu?"

Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, lakini hakubadilisha kitu. Zumari alicheka kuliko wote, kisha akarudi nyumbani akiwa na maumivu ya taya.

Siku ya kurekodi, yeye ndiye aliyetangulia kuingia kibandani. Aliimba ubeti wake. Kupitia hedifoni alimsikia mumewe akisema, "Rudia, Mama Pacha." Akarudia. "Tena kidogo, kuanzia pale katikati." Akarudia tena. "Sawa, moja ya mwisho." Ya mwisho haikuwa ya mwisho. Alipotoka kibandani kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Leo umeazima masikio ya popo?" alimuuliza.

"Nataka tuwe na za kuchagua," alisema Fundi, macho yake yakiwa kwenye skrini.

Kisha akaingia Muuguzi. Fundi aliinuka mwenyewe kwenda kumpandishia maiki, kwa kuwa mgeni alikuwa mrefu, akamrekebishia hedifoni zilizokuwa zinambana, akarudi kukaa. Muuguzi akaimba ubeti wake tangu mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, Fundi hakubonyeza kitufe cha kusimamisha. Mkono wake ulibaki hewani juu ya kipanya, na kwenye skrini yale mawimbi ya sauti yakageuka mstari mnyoofu, mashine ikiendelea kurekodi ukimya.

"Inatosha," alisema hatimaye.

"Mara moja tu?" Zumari alidakia.

"Inatosha."

Yeye, mke wa ndoa, karudishwa nyuma kama mwanafunzi mzito. Mwenzake kaimba mara moja, na mwanamume mzima kasahau kazi yake. Alirudi kwenye cherehani, akashona mkono wa shati la mteja ndani nje, akalazimika kuufumua.

Kilichofuata ndicho kilichomharibia usingizi na hamu ya chakula. Fundi aliacha kumwita. Nyimbo nyingine za kwaya alizimaliza haraka na kumsikilizisha mkewe kwenye spika, lakini ule mmoja aliufanyia kazi na hedifoni kichwani, mlango umerudishwa. Siku ya kwanza Zumari alisubiri kuitwa. Siku ya pili alipeleka chai ambayo haikuombwa. Alimkuta mumewe amefumba macho, kichwa kimeinama upande mmoja, midomo inatembea pole pole kama mtu anayesoma dua. Kipande kile kile cha wimbo kilikuwa kinajirudia. Kwenye skrini alama ndogo ilikimbia, ikarudi, ikakimbia tena. Fundi alipohisi mtu chumbani alishtuka, akabofya, na ukurasa ukafungwa.

"Unasikiliza nini?"

"Kazi tu."

"Kazi inafumbiwa macho siku hizi?"

"Mama Pacha, acha chai hapo. Asante."

Aliiacha pale kweli, na nusu yake aliimwagia kwenye kisahani.

Wifi yake, dada wa Fundi, alikuwa anakuja kumsaidia kutia vifungo na kupiga pasi, kwa sababu kwaya ilikuwa imeagiza sare mpya. Alikuwa mwanamke mchangamfu ambaye hakuweza kuona moto bila kuupepea.

"Wifi, mimi simsemi kaka yangu vibaya," alianza siku moja, huku mdomoni kashikilia pini mbili. "Ila mwanamume akisikiliza sauti ya mwanamke siku nzima, tena masikioni, tena kwa ndani kabisa namna ile... Si ni kama ananong'onezwa?"

"Wifi, utameza pini."

"Nimesema tu. Mimi shemeji yako alipoanza kupenda sauti ya mtangazaji wa asubuhi, redio ilipata ajali ya maji."

Zumari hakucheka. Alikuwa anachora vipimo vya Muuguzi kwenye kitambaa cha gauni. Alikuwa amempima mwenyewe, utepe mkononi, na alichukia kukuta kwamba kiuno kile hakikuhitaji msaada wowote wa mshonaji. Akachukua mkasi. Kwenye kifua na kwapani, pale ambapo mwimbaji anahitaji nafasi ya kuvuta pumzi, akakata kwa ndani kidogo ya alama. Hakuwa amepanga. Mkasi ulikwenda tu, na yeye akauacha uende. Gauni lilipokamilika lilikuwa zuri kulitazama, na Muuguzi alipokuja kulichukua alishukuru mara nyingi na kuomba radhi mara nyingi zaidi.

Baada ya hapo ikaja simu. Fundi alikuwa mezani anakula. Akaitazama simu, akainuka, akatoka hadi ukumbini. Zumari akafunga bomba la maji ili asikie vizuri.

"Ndiyo... Hapana, usimwambie wewe. Mimi namjua. Nitatafuta wakati mzuri nimwambie mwenyewe... Hapana, hatakasirika. Atakasirika kidogo."

Aliporudi mezani mkewe alikuwa amesimama palepale, kitambaa cha vyombo kinachuruzika maji sakafuni.

"Nani?"

"Mtu wa kwaya."

"Mtu wa kwaya ana jinsia?"

Fundi akaketi, akachukua kijiko. "Wali hauna chumvi," alisema.

"Mpigie simu akuletee," alisema Zumari.

Tangu hapo aliacha kumwita Baba Pacha. Alimwita Fundi, kama watu wa barabarani. Naye Fundi, ambaye alikuwa hodari wa kusikia waya uliolegea ukiwa ndani ya spika, hakujua aanze wapi na jambo hili, akazidi kujifungia.

Asubuhi moja aliitwa kwenda kufunga vipaza sauti kwenye ukumbi wa mikutano. Alibeba nyaya zake begani, akaaga kwa sauti ya mtu anayeaga ukuta, akaondoka. Zumari alisubiri hadi mlio wa geti ukaisha. Wifi yake hakuwepo. Aliweka dirishani kibao cha kuwaambia wateja kwamba amefunga, akaingia studio, akaketi kwenye kiti ambacho kwa miaka yote hiyo alikuwa akisimama nyuma yake.

Alijua anachotaka. Asingefuta kitu, hakuwa mwizi wala mwehu. Angeishusha tu ile sauti ya Muuguzi, kidogo, kama mtu anavyopunguza upana wa nguo. Wimbo ungetoka, Muuguzi angesikika kwa mbali kama mtu aliye chumba cha pili, na hakuna ambaye angejua ni kwa nini. Kutumia mashine hakukumtisha. Alikuwa amemtazama mumewe kwa miaka mingi, na nenosiri lilikuwa majina ya pacha yakiwa yameunganishwa. Alijua kwamba kila sauti ina mstari wake kwenye skrini na kila mstari una rangi yake. Wa kwake ulikuwa wa kijani tangu wimbo wa kwanza kabisa. Alijua kitufe cha kunyamazisha mistari mingine yote ili usikilize mmoja peke yake.

Akaufungua wimbo. Mstari wa Muuguzi ulikuwa wa zambarau. Hata rangi aliyomchagulia, aliwaza, ni ya kifalme.

Akaupiga peke yake. Sauti ikatoka kwenye spika ikiwa uchi kabisa, bila ala, bila mwangwi. Ukasikika mdomo ukifunguka, pumzi ikiingia, viatu vikisugua sakafu. Ilikuwa nzuri. Zumari alisikiliza hadi mwisho akiwa ameuma kucha, kwa sababu alikuwa mwimbaji na hakuweza kujidanganya juu ya hilo. Ndipo akautazama mstari wenyewe. Ulikuwa kipande kimoja kizima, kutoka mwanzo wa ubeti hadi mwisho. Hakuna mahali palipokatwa. Hakuna mahali palipoguswa.

Basi mumewe alikuwa anafanya nini humu siku zote hizo?

Akateremsha macho kwenye mstari wa kijani.

Ulikuwa vipande vipande. Neno moja limetoka kwenye uimbaji huu, neno linalofuata limetoka kwenye ule, nusu ya neno imeletwa kutoka mwingine, vyote vimeungwa kwa ustadi kama shuka la viraka. Akabofya kipande kimoja, na dirisha dogo likafunguka likionyesha vijiti vifupi vilivyopangwa kwa ngazi. Zumari alivijua vile vijiti. Fundi aliwahi kumwonyesha, zamani, wakati wanarekebisha wimbo wa bwana mmoja aliyetaka kumwimbia mkewe na hakuwa na sauti hata ya kuita paka. Kila kijiti ni noti. Kivuli chake cha kijivu kinaonyesha mwimbaji alifika wapi, na kijiti chenyewe kinaonyesha fundi amemvuta hadi wapi. Siku hiyo walicheka pamoja hadi machozi.

Chini ya vijiti vyake mwenyewe kulikuwa na vivuli vya kijivu, karibu chini ya kila kimoja.

Kwenye kona palikuwa na kitufe cha kuzima marekebisho. Alikizima, akapiga wimbo tangu mwanzo.

Mwanzoni alidhani mashine ina hitilafu. Sauti ilianza vizuri, ikapanda, halafu kwenye noti ya juu ikasimama chini yake kidogo, ikitetemeka, kama mtu anayenyoosha mkono kwenye rafu asiifikie. Akapiga tena. Ikasimama palepale. Akajaribu kuimba yeye mwenyewe, hapo hapo kitini, na koo lake likafanya hivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza akalisikia.

Alifungua nyimbo za mwaka uliopita. Vijiti, na vivuli chini yake. Za mwaka wa nyuma yake: vivuli, lakini vichache. Akaendelea kurudi nyuma hadi akafika kwenye wimbo mmoja wa zamani ambao mstari wake wa kijani ulikuwa kipande kimoja kizima, kama ule wa Muuguzi leo. Aliupiga. Msichana yule aliimba kama vile hakuna kitu duniani kilicho juu.

Kulikuwa na nafuu, ndiyo. Mumewe hakuwa anamsikiliza Muuguzi. Midomo ile iliyokuwa ikitembea, macho yale yaliyofumbwa, yote yalikuwa kwa ajili yake. Lakini nafuu hiyo ilidumu kiasi cha kumeza mate, kisha ukaja wivu mwingine ambao hakuwa ameujua. Muuguzi alikuwa mtu. Angeweza kumkatia gauni la kubana. Huyu wa kwenye mstari wa kijani angemfanya nini? Kwa miaka yote hii Fundi alikuwa anajifungia na mwanamke mwingine kabisa, mwanamke mwenye jina la Zumari, asiyetetemeka, asiyezeeka, aliyemuunga mwenyewe kipande kwa kipande. Na kila alipomwita mkewe, "njoo usikie," alikuwa anamwita aje amwone huyo. Naye alikuja, akamwekea mikono mabegani, akajisifu kwa sauti isiyo yake.

Alikuwa bado ameketi pale Fundi aliporudi, kwa kuwa kazi ya ukumbini ilikuwa imeahirishwa. Fundi alisimama mlangoni na nyaya zake begani. Alitazama skrini, akamtazama mkewe, akazishusha nyaya sakafuni taratibu kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

"Tangu lini?" Zumari aliuliza.

"Mama Pacha..."

"Nimeona tangu lini. Nataka useme wewe."

"Kidogo kidogo. Mara ya kwanza ilikuwa noti moja. Nikasema siku hiyo ulikuwa na mafua."

"Nilikuwa na mafua?"

"Hapana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

"Ungefungua mdomo. Ungesema, Mama Pacha, sauti imeshuka."

"Ungelia."

"Ningelia, halafu ningenyamaza, halafu tungekula. Badala yake nimesimama mbele ya watu miaka yote hii nikiwa wa mwisho kujua. Yule bwana tuliyemcheka mimi na wewe hapa hapa. Ulinicheka?"

"Sijakucheka hata siku moja." Sauti yake ilikuwa ya kweli, na hilo halikumsaidia.

"Unampenda?"

"Nani? Muuguzi? Ile simu ilikuwa ya gauni! Linambana kwapani, hawezi kuvuta pumzi, anaogopa kukwambia. Ndiyo hayo tu."

"Sisemi Muuguzi. Huyu." Zumari aliweka kidole kwenye skrini, juu ya mstari wa kijani. "Unampenda huyu?"

Fundi alitazama kidole, akatazama skrini. "Huyo ni wewe."

"Huyu si mimi. Mimi nimezima kitufe nikajisikia. Huyu ni wa kwako, umemshona mwenyewe. Nakuuliza kama unampenda."

Mwanamume mwingine angejua kusema uongo haraka. Fundi alikuwa mtu wa kusikiliza kwanza, na alisikiliza swali lile kwa muda mrefu mno.

"Nilimzoea," alisema mwishoni.

Zumari aliinuka kitini. "Mfute."

"Mwalimu anasubiri wimbo. Tukifuta..."

"Mfute nikiwa nimesimama hapa. Sio kumficha kwenye kapu la taka la kompyuta. Mfute."

Fundi alikaa, akachagua vipande vyote vya kijani. Vikang'aa. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe, na Zumari, aliyekuwa anamtazama usoni na sio mkononi, aliona jinsi alivyosita. Hakumsamehe kusita kule, hata baadaye walipokuwa wamesameheana mambo makubwa zaidi. Kisha vipande vikatoweka, na ubeti wa kwanza ukabaki mweupe.

Alasiri hiyo hiyo alikwenda kwa Muuguzi akiwa na utepe shingoni na mkasi mdogo wa kufumulia. Muuguzi alifungua mlango, akamwona, na rangi ikamshuka.

"Dada, samahani, mimi sikutaka kukusumbua, nilimwambia tu kaka..."

"Lete gauni. Livae kwanza."

Akalivaa. Zumari akamzunguka, akaona alichokifanya, akaona pia kwamba mshono ulikuwa safi.

"Nilidhani unanichukia," alisema Muuguzi, kwa sauti ndogo.

"Nakuchukia," alisema Zumari. "Inua mkono."

Muuguzi akainua mkono, akaanza kucheka, akaacha, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa. Zumari alifumua upande mmoja, akafumua wa pili. Ingawa alikata kwa ndani ya alama, pindo aliloliacha kwenye mshono lilitosha kuachiwa. Hata katika hasira hakuwa mshonaji wa kutupa kitambaa.

"Ubeti wa kwanza tutaurekodi upya," alisema akiwa ameinama, pini mdomoni. "Utaimba wewe."

"Dada, hapana. Ule ni wako."

"Sijamaliza. Utaimba wewe juu, mimi nitakuwa chini yako. Noti za chini ninazo, nimezisikia leo. Na usinionee huruma ukapunguza. Ukipunguza nitajua, na gauni litarudi lilivyokuwa."

Mwalimu alipoambiwa alijivuta sikio mpaka likawa jekundu, lakini hakupinga. Inawezekana alikuwa amelitaka hilo tangu mwanzo na hakuwa na ujasiri wa kulisema.

Siku ya kurekodi upya wanawake hao wawili walisimama kibandani bega kwa bega, maana kabati lile halikuwa na nafasi ya kununiana. Muuguzi alianza. Zumari akaingia chini yake kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia maishani, nzito, yenye ukavu kidogo, na akaishikilia pale. Kuimba chini ya mtu kulikuwa kugumu kuliko alivyodhani. Ulipaswa kumsikiliza mwenzako kuliko unavyojisikiliza, na kila noti aliyopanda Muuguzi bila taabu ilimchoma Zumari mahali palepale. Aliimba akiwa anachomwa. Kupitia kioo kidogo cha mlango alimwona mumewe akiwa na mkono hewani juu ya kipanya, habonyezi. Alijaribu kuona anamtazama nani kati yao, lakini kioo kilikuwa kimeanza kushika mvuke.

"Inatosha," alisema Fundi kwenye hedifoni.

"Usiguse kitu," alisema Zumari.

"Sigusi."

Hakugusa. Zumari alihakikisha, aliingia studio kila siku hadi wimbo ulipotoka, akaketi kwenye kigoda alichokileta kutoka chumbani kwake, na Fundi hakurudisha mlango tena.

Wimbo ulipendwa. Watu walimpongeza Muuguzi barabarani, wakamletea maua zahanati. Zumari walimwambia, "Safari hii hukuimba?" au, "Siku hizi umewaachia vijana, vizuri." Wifi yake alisema amesikia mwanamume mzuri sana kwenye ubeti wa kwanza, ni nani? Zumari alimtazama tu hadi pini ikamdondoka mdomoni. Kulikuwa na siku alitamani yule mwanamke wa mstari wa kijani arudi, amvae kama nguo na atoke naye nje. Alimwambia Fundi hivyo, mezani, bila kumtazama. Fundi akaacha kula. Kisha akahamishia kiti chake upande wa meza aliokaa mkewe.

Mwezi mmoja baadaye Zumari alikwenda dukani kununua nyuzi. Muuza duka alikuwa kijana mgeni asiyemjua, na redio yake ilikuwa inapiga wimbo ule. Alikuwa ameegemea kaunta, amesahau kumhudumia.

"Mama, samahani, subiri kidogo, hapa pananimaliza," alisema, akainua kidole. Ulikuwa ubeti wa kwanza. "Huyu wa juu kila mtu anamjua. Lakini huyu wa chini ni nani?"

"Kwa nini unauliza?"

"Sijui. Anaimba kama mtu aliyekasirika."

Zumari alichagua uzi mweusi na mwekundu, akauweka juu ya kaunta.

"Amekasirika kweli," alisema. "Ongeza sauti."